Kijana wa Misheni Kilimani Makerere

Katika miaka ya 1950 kijana wa Kenya aliyepata nafasi ya kusoma Makerere alikuwa na safari mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa ya gari la moshi, nayo ilikwisha kwa usiku mmoja na mchana wake. Ya pili ilianza jioni ile alipoingia katika chumba cha kulia chakula, na kwa wengine haikwisha kabla ya mwaka kupita.

Ile ya kwanza ni rahisi kuisimulia. Kijana aliondoka stesheni ya Nairobi na sanduku lake la bati, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko, na ndani mna suti moja, mashati mawili, Biblia na blanketi. Nyuma ya suti ile palikuwa na ng'ombe aliyeuzwa, au magome ya miwati ya miaka mingi, au kahawa ya shamba zima. Wazee wanaosoma habari hizi hawahitaji kuelezwa. Gari liliteremka katika Bonde la Ufa, likapita Nakuru, kisha likapanda polepole hata Timboroa, mahali palipo juu ya futi 9,000, ambapo abiria walijifunika kila walichokuwa nacho. Baada ya Eldoret na Tororo nchi iligeuka rangi. Mahindi yalipungua, migomba ikazidi, hewa ikawa na unyevu na joto. Huko Jinja gari lilivuka daraja juu ya mto Nile karibu na mahali unapotoka ziwani, na vijana wote walisongamana madirishani, kwa maana walikuwa wameusoma mto huo katika Biblia na katika jiografia, nao hawakudhani kwamba siku moja wangeuona kwa macho. Reli hiyo ilifika Kampala mwaka 1931. Leo wasafiri wengi huenda kwa basi, kupitia Busia au Malaba, lakini migomba ni ile ile.

Kilima cha Makerere kiko upande wa kaskazini wa mji. Mtu akisimama juu yake huona vilima vingine vikiwa vimegawanywa kama urithi wa ndugu: Namirembe penye kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga penye kanisa kuu la Wakatoliki, Kibuli penye msikiti, na karibu kabisa, ng'ambo ya bonde, Mulago penye hospitali. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1922, nacho kilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na kazi za mitambo. Mwaka 1937 tume ya Lord De La Warr ilishauri kigeuzwe kuwa chuo cha elimu ya juu kwa ajili ya nchi zote za Afrika ya Mashariki. Jengo Kuu jeupe lenye mnara wa saa lilifunguliwa mwaka 1941, na kuanzia 1949 chuo kiliungana na Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wakawa wanafanya mitihani ya digrii za huko. Kwa hiyo kijana aliyeshuka stesheni ya Kampala alijua kwamba amefika mahali pakubwa. Hakujua bado kwamba yeye mwenyewe ni mtoto.

Yafaa kueleza jinsi alivyolelewa. Tangu alipokuwa na umri wa miaka kumi au zaidi kidogo, kengele ndiyo iliyomwongoza. Kengele ilimwamsha kabla ya jua, ikampeleka kuoga maji baridi, ikampanga mstarini akaguliwe kucha, ikamwita kwenye sala, darasani, shambani, mezani, na mwisho ikamzimia taa. Barua zake zilifunguliwa kabla hajazisoma. Pesa zake zilitunzwa na mwalimu. Vitabu alivyosoma vilichaguliwa na watu waliomtakia mema. Wasichana aliwaona siku ya Jumapili, upande wa pili wa kanisa, naye akiwaona sana aliulizwa habari zake Jumatatu. Pombe na sigara zilikuwa na adhabu moja tu, ile ya kufunga sanduku. Malezi hayo yalimpa mengi: alijua Kiingereza kizuri, alijua kufanya kazi, na hakujua kusema uwongo bila kutetemeka. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza hata mara moja, 'Wewe mwenyewe wataka nini?'

Makerere kengele ile ilinyamaza. Kijana alipewa kitanda, meza, kabati na ufunguo, na wengi wao hawakuwa wamepata kushika ufunguo wa mlango wao tangu kuzaliwa. Walikuwapo waliofunga na kufungua mara tatu wakiwa peke yao, ili kusikia tu jinsi kufuli linavyolia. Hakuna aliyekuja kuwaamsha asubuhi. Mtu alipokosa kusikiliza mafundisho hakupigwa, na jambo hilo liliwatisha baadhi yao kuliko kiboko.

Jioni ya kwanza ndiyo iliyokumbukwa na wengi hata walipokuwa wazee. Wanafunzi walivaa joho jekundu juu ya nguo zao wakaenda kula. Joho lilikuwa zito, na jioni za Kampala zina joto. Mezani palikuwa na visu na uma, na vijiko zaidi ya kimoja, na vijana waliozoea kijiko kimoja na bakuli la bati walikaa wakitazama vyombo hivyo kama mtu atazamavyo karatasi ya mtihani. Aliyekuwa na akili alingoja. Alitazama kwa pembe ya jicho yule wa mwaka wa tatu aliyeketi mbele yake, akashika alichoshika, akaweka alipoweka, na hivyo akala chakula kizima nyuma ya mwenzake kwa mwendo wa tonge moja. Wengine walisema hawana njaa. Walirudi chumbani wakala mahindi ya kukaanga waliyofungiwa na mama zao, na mahindi hayo yalipokwisha wiki ya pili, ndipo walipoanza kujifunza. Mara nyingi aliyewaokoa ni mwanafunzi mkubwa aliyenena kwa sauti ya chini, 'Ndugu, anza na vile vya nje,' kisha akaendelea na mazungumzo yake kana kwamba hakusema neno. Wema wa namna hiyo haukuandikwa katika ripoti yoyote ya chuo.

Chai kwa mwalimu ilikuwa jaribio gumu kuliko chakula. Waalimu wengi, Waingereza kwa wakati ule, walikuwa na desturi ya kuwakaribisha wanafunzi nyumbani kwao alasiri. Kijana alikuwa hajapata kuketi katika kiti cha Mzungu. Huko misheni alisimama mlangoni akapokea ujumbe. Sasa aliambiwa aketi, akapewa kikombe chembamba kama ganda la yai, akaulizwa maoni yake juu ya habari za ulimwengu. Alijibu, 'Ndiyo, Bwana,' na mwalimu akangoja zaidi, na zaidi haikuwako. Tena hakujua wakati wa kuondoka. Kwao ni ufidhuli mgeni kuinuka kabla mwenyeji hajamruhusu. Kwa Mwingereza ni mgeni anayepaswa kuinuka mwenyewe. Kwa sababu hiyo wenyeji na wageni waliweza kukaa wakitazamana hata giza likaingia, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa njia iliyomchosha.

Walakini mgeni wa kweli wa kijana hakuwa Mzungu. Ni Mwafrika mwenziwe. Katika bweni moja alikuta Waganda, Wachaga, Waluo, watu wa Nyasaland, na Waislamu wa Unguja waliofunga Ramadhani huku wenzao wakila. Kijana wa kutoka bara la Kenya, ambaye nyumbani alihesabiwa kuwa bingwa wa Kiswahili, alisema maneno mawili matatu mbele ya Mwunguja akaona tabasamu ikichomoza, akanyamaza, akarudia Kiingereza. Alipoteremka Wandegeya, soko lililo chini ya kilima, kununua ndizi au nyembe, alijaribu Kiswahili tena, na mara hii hakupata hata tabasamu. Waganda wa siku zile hawakukipenda. Kwao kilikuwa lugha ya askari na ya wageni, nao walihofu kitapunguza heshima ya Luganda. Aliyejifunza kusema 'webale', yaani asante, na kumsalimu mtu aliye kazini kwa 'gyebale ko', aliuziwa ndizi zile zile kwa uso mwingine.

Kanzu ilimpotosha pia. Huko Nairobi kanzu aliiona juu ya Waislamu na juu ya watumishi wa hoteli. Hapa aliona wazee Wakristo, wakuu wa Buganda, wamevaa kanzu nyeupe safi na koti juu yake, wakienda kanisani Namirembe kwa fahari. Na alipokaribishwa nyumbani kwa rafiki yake Mganda, binti wa nyumba, msomi aliyesema Kiingereza kuliko yeye, alipiga magoti sakafuni kumsalimu. Kijana aliruka kutoka kitini kumwinua. Watu wote walicheka, ila binti. Baadaye mwenzake alimweleza kwamba kumwinua ni kumwambia hana adabu. Kisha ililetwa ndizi ya kupikwa, matoke, imefungwa katika majani ya mgomba na mvuke ukitoka, pamoja na mchuzi wa karanga. Mkenya aliyekulia ugali huanza kwa kusema matoke hayashibishi. Baada ya mwaka mmoja huyatafuta.

Habari za wanawake chuoni zataka nafasi yake. Makerere haikuwa na mwanafunzi mwanamke hata mmoja hadi mwaka 1945, walipoingia sita. Wito wa chuo wakati huo ulikuwa na maana ya 'Na tuwe wanaume', na kwa kuwa haukuweza kusemwa tena bila kuchekesha, ulibadilishwa ukawa 'Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo'. Hao sita wangeweza kufundisha wavulana wote maana ya kuwa mgeni. Mvulana aliyeshika uma vibaya alionwa na meza yake. Msichana alionwa na chuo kizima, akila, akitembea, akichelewa, akicheka. Bweni lao la baadaye, Mary Stuart Hall, lililopewa jina la mke wa Askofu Stuart wa Uganda, bado lipo, na wanafunzi huliita 'Box' kwa utani.

Wavulana walikuwa wengi na wasichana wachache, na Jumamosi palikuwa na dansi. Wauguzi wa Mulago walialikwa ili hesabu ipate kukaribiana. Hapo kijana wa misheni ndipo aliposhindwa kabisa. Alikuwa amefundishwa kwamba dansi ni mlango, na nyuma ya mlango ule anajua kilichopo. Alisimama ukutani na joho la dhambi kubwa ambayo hakuitenda, huku wenzake wakihesabu hatua za walsi, moja mbili tatu, midomo ikicheza kuliko miguu. Kumwomba msichana asiyemjua acheze naye kulimtaka avuke sakafu tupu ya hatua ishirini mbele ya macho ya watu, na pengine arudi hatua ishirini hizo peke yake. Wengi walijifunza kucheza chumbani usiku, mwanamume na mwanamume, mmoja akikubali kuwa mwanamke kwa dakika kumi. Jambo hilo halina aibu yoyote, na waliofika kuwa wakuu wa idara hulikumbuka kwa kicheko.

Lakini si wote waliocheka. Palikuwa na njia mbili za kupotea. Njia moja ilielekea Wandegeya, ambako pombe ya ndizi, mwenge, iliuzwa hata usiku, na kijana ambaye hakuwa amepata kuonja hata kikombe kimoja hakujua kikombe cha nne kinafananaje. Alikuwa na miaka kumi ya kukatazwa, naye alitaka kuilipa yote katika muhula mmoja. Huyo alionekana. Watu walimsema, mwangalizi wa bweni alimwita, na wazee wa kwao walipata habari.

Njia ya pili haikuonekana, na kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ni ya yule aliyefunga mlango kwa ufunguo wake mpya. Alisoma usiku na mchana, alikwenda kula wa mwisho na kutoka wa kwanza, hakuingia mchezo wowote, aliandika nyumbani kwamba yote ni mema. Waalimu walimsifu kwa bidii yake. Kisha kabla ya mtihani alishindwa kulala, au alikaa mbele ya kitabu saa nzima bila kufunua karatasi, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia. Sanduku la bati lilirudi stesheni, na huko kijijini watu walisema masomo yamemzidi akili. Akili haikuwa na neno. Alikosa mtu wa kubisha mlango wake. Misheni zilijua kumlea kijana ndani ya ua, na zilimlea vizuri. Ila hazikumpeleka nje ya ua hata kwa siku moja ili aone jinsi anavyotembea.

Mwaka 1952 ulileta jaribio la namna nyingine. Wanafunzi hawakuridhika na chakula cha chuo, wakagomea chumba cha kulia. Kwa mtoto wa misheni hii haikuwa habari ya chakula tu. Akienda kula, wenzake wangemwita msaliti. Asipokwenda, anawaasi wakubwa wake kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na karo ya ng'ombe wa baba iko hatarini. Hatari ile haikuwa ya kuwaza tu, kwa kuwa Abu Mayanja, mmoja wa viongozi wa mgomo, alifukuzwa. Yeye baadaye alikwenda Cambridge, kwa msaada wa Gavana Andrew Cohen mwenyewe, akawa mwanasheria na waziri. Si kila mtoto wa mkulima angeweza kutazamia mwisho kama huo, na wale waliokaa vyumbani na njaa yao usiku ule, wakipiga hesabu, walikua kwa miaka kadhaa kabla ya kupambazuka.

Waliotoka salama mara nyingi walitoka kwa mlango mdogo. Mmoja alijua kupiga mpira, akawekwa timuni, na timu ikamfundisha mengine yote. Mwingine alijua kuimba sauti ya nne, kwa kuwa misheni ilimfundisha, akajiunga na kwaya akapata marafiki arobaini kwa siku moja. Wengine waliokolewa na mjadala. Julius Nyerere alikuja Makerere mwaka 1943, mwana wa mtemi wa Wazanaki ambaye hakuanza shule hadi alipokuwa na miaka kumi na miwili hivi. Alipotoka mwaka 1945 na diploma ya ualimu, alikuwa amezoea kusimama mbele ya wenzake na kuwapanga katika chama. Mwai Kibaki, mtoto wa wakulima wa Othaya, alisoma huko uchumi katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 akapata daraja la kwanza, naye alikuwa kiongozi wa wanafunzi wa Kenya. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati Mkikuyu hakuweza kusafiri kwao bila karatasi mfukoni, na kwa vijana wa Nyeri na Kiambu kutembea Kampala jioni bila kusimamishwa na askari kulikuwa furaha iliyochanganyika na aibu, wakikumbuka waliobaki nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o alifika mwaka 1959; mwezi Novemba 1962 mchezo wake ulichezwa katika Jumba la Taifa la Michezo mjini Kampala, nao wahusu kijana msomi aliyewakimbia watu wa kwao. Hakwenda mbali kutafuta jambo la kuandika.

Leo chuo kina wanafunzi zaidi ya 30,000, wanawake kwa wanaume, na majoho mekundu hayaonekani tena katika vyumba vya kulia. Jengo Kuu liliungua usiku wa Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura yake ya zamani, likafunguliwa tena mwezi Oktoba 2024. Juu ya miti hukaa korongo wakubwa wenye vipara, wakitazama wageni wa mwaka wa kwanza wakipita na mizigo yao. Sanduku la bati limekuwa begi la magurudumu. Wazazi huwasindikiza hata mlango wa bweni, na mama akiondoka, kijana husimama na ufunguo mkononi akiutazama.

Wale wa zamani walipata likizo ndefu ya kwanza baada ya miezi mingi. Gari liliwarudisha Timboroa katika baridi ile ile. Nyumbani walichinjiwa mbuzi, wakaketi chini pamoja na baba zao, wakala kwa mkono, na wazee walitazama kimya kimya kama mkono umesahau. Haukusahau. Baada ya chakula, kama palikuwa na ndugu mdogo aliye katika darasa la juu la misheni, kaka yake alimwita nyuma ya ghala la mahindi mahali wasipoonwa. Alivunja vijiti, akavipanga mchangani, viwili upande wa kushoto, viwili upande wa kulia, kimoja juu, na katikati akaweka jani la mgomba liwe sahani.

'Ketia hapo,' alisema. 'Anza na vile vya nje.'